Moshi wa Pikipiki ya Kijiji

"Mama Alistidia, hiyo pikipiki ya kijiji mdogo wako anaitengeneza au anaipika?"

Swali hilo liliulizwa na mama Klaudia, jirani yao, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya mibuni huku akitazama moshi ukipanda juu ya migomba. Alistidia alikuwa akitandaza majani makavu kwenye mashina ya migomba, kazi yake ya kila jioni akitoka shuleni. Mama yake, Celina, alicheka kidogo. Mjomba Anatory, aliyekuwa amechuchumaa uani kando ya pikipiki, hakucheka hata kidogo.

"Mwambie inapikwa," alisema kwa hasira. "Na ikiiva nitamletea sahani."

Pikipiki ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilinunuliwa Bukoba kwa kahawa ya shamba la pamoja, kijiji chao kilipoanza kuwa kijiji cha ujamaa. Ilipeleka wagonjwa hospitali ya Rubya na barua za kijiji Muleba. Ilikuwa ya aina ile inayotaka petroli ichanganywe na oili kwenye tangi. Lameki ndiye aliyechaguliwa kuiendesha, na ufunguo wa tangi alikaa nao yeye. Anatory, aliyejifunza ufundi Bukoba, alipewa kibanda karibu na ghala na vifaa vya kuitunza.

Wiki iliyotangulia Anatory aliifanyia matengenezo makubwa. Alikwangua masizi kwenye bomba la moshi, akasafisha kabureta na kichujio cha hewa, akatia plagi mpya. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa nzima. Baada ya hapo ilianza kugugumia kama mtu mwenye kikohozi, ikatoa moshi mzito, na kila ilipofika mlimani ilizimika. Kila plagi ilipofunguliwa, ilitoka nyeusi na imelowa.

"Inakula petroli nyingi na hewa kidogo," Anatory alimweleza Alistidia. "Lakini kwa nini? Kwa nini?"

Alifungua kabureta akaishusha sindano yake. Moshi ulikuwa uleule. Akakagua choki, kile kifaa cha kupunguza hewa, isije ikawa imenasa. Haikunasa. Akafungua tena kabureta, akapuliza kila tundu mpaka macho yakamtoka. Pikipiki iliwaka, ikagugumia, ikazimika. Anatory alirusha spana hadi kwenye mibuni, kisha akainuka mwenyewe kwenda kuitafuta.

Lameki naye hakumwacha apumzike. Kila jioni alipita na kofia yake kichwani.

"Fundi, nilikuletea mbuzi mzima," alisema. "Umemchinja, umemshona, sasa unamwambia atembee!"

Watu walicheka. Lakini Mzee Mushumbusi, mwenyekiti wa kijiji, hakuwa na mzaha. Jumamosi asubuhi alikuja uani kwa Celina akasimama bila kukaa.

"Anatory, mgonjwa wa juzi alibebwa kwa machela, na pikipiki ipo. Kesho baada ya misa kamati itakutana kwenye kibanda chako. Ikiwa bado iko hivi, vifaa tutampelekea fundi wa Kemondo, na wewe utashika jembe kama wenzako."

"Nimekusikia, waitu," Anatory alijibu kwa heshima ya Kihaya. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alistidia alijua jinsi mjomba wake alivyokipenda kibanda kile. Alikifagia kila asubuhi, na kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani. Aliisukuma pikipiki mpaka huko, akaanza upya.

Mchana ule Celina alikuwa akimimina mulamba, yale maji matamu ya ndizi, kwenye kibuyu.

"Alistidia, nipe jani nizibe."

Alistidia akampa jani kavu la mgomba. Mama akalikunja mara kadhaa, akalisokomeza kwenye mdomo wa kibuyu, akalikandamiza kwa kidole gumba.

Alistidia alikumbuka. Siku ile ya matengenezo, mjomba alipomaliza kusafisha kichujio na kukifunga, alimtuma aioshe pikipiki. "Angalia maji yasiingie kwenye tundu la hewa la kichujio, chini ya kiti," alimwambia. Alistidia alikunja jani kavu akaziba nalo tundu lile, kama anavyoziba kibuyu. Akaosha mpaka pikipiki ikang'aa. Halafu wenzake wakamwita kwenye mazoezi ya kwaya, akakimbia. Jani hakulitoa. Na mjomba, kwa kuwa kichujio alikisafisha kwa mkono wake mwenyewe, hakukitilia shaka wala hakukifungua tena.

Alitoka mbio hadi kibandani. Alimkuta Anatory amezungukwa na vipande vya kabureta, na Lameki amesimama mlangoni akimcheka.

"Mjomba, nataka kukuambia..."

"Toka hapa!" Anatory alifoka bila kuinua kichwa. "Huoni nina kazi?"

"Lakini mjomba..."

"Nimesema toka!"

Alistidia alirudi nyumbani akilia. Alipofika uani alijiambia kwamba ameshajaribu, kwamba kosa si lake tena. Lakini usingizi ulimpita. Jumapili kanisani midomo yake ilisali na wenzake, na moyo wake ulikuwa kibandani. Alimwona mjomba kwenye benchi la mbele, kucha nyeusi kwa oili, ameinamisha kichwa. Hapo akaona kwamba kujaribu mara moja na kunyamaza ni sawa na kunyamaza tu.

Baada ya misa kamati ilikusanyika. Anatory aliipiga pikipiki teke, ikawaka kwa kugugumia, moshi ukajaa kibanda, watu wakakohoa.

"Basi," alisema Mzee Mushumbusi. "Tumeona wenyewe."

"Babu, naomba kusema!" Alistidia alisogea mbele. "Mimi nimeziba tundu la hewa. Nilitia jani wakati wa kuosha, nikasahau kulitoa."

Anatory alimtazama, na uso wake haukuwa wa upole. Akafungua kiti, akaingiza vidole viwili, akavuta. Jani lilitoka limepondeka, jeusi.

"Jani!" alisema. "Nimefungua chuma kisicho na kosa wiki nzima! Nimetukanwa! Kwa ajili ya jani!" Alistidia alianza kulia. Anatory akaliweka jani mezani. "Jana ulikuja kuniambia hili?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nami nikakufukuza. Haya. Futa machozi, nishikie plagi."

Alirudisha sindano ya kabureta mahali pake pa kwanza, akatia plagi safi, akapiga teke. Mlio ulikuwa mwingine kabisa, mwepesi na mkali. Watu walipiga makofi. Lakini Anatory alikunja uso. Moshi ulikuwa umepungua, haukuisha. Alimwomba Lameki ufunguo, akafungua tangi, akachovya kijiti, akasugua matone kati ya vidole.

"Hii oili imezidi kipimo changu, ndiyo inayotoa moshi," alisema. "Kuna mtu ameongeza."

Lameki alitazama nje. Anatory alimwaga petroli yote kwenye debe, akachanganya nyingine kwa kipimo, akapanda mwenyewe. Walimsikia akipanda mlima wa kanisa bila pikipiki kuzimika, akageuka huko juu, akarudi. Nyuma yake hapakuwa na moshi.

"Vifaa vinabaki hapa," alisema Mzee Mushumbusi, na wanakamati wakaitikia. Kisha akamgeukia Alistidia. "Mjukuu wangu, ulikosea, na ulichelewa kusema. Lakini umesema. Chombo cha watu wengi kikiharibika, kila aliyekigusa aseme alichogusa, hata kama ni kidogo, hata kama anaona haya. Hapo fundi anajua aanzie wapi. Ukinyamaza, mwenzako anataabika na kudharauliwa kwa kosa lako. Hilo ni kwa watoto, na ni kwetu sisi wakubwa pia."

Kisha akauliza polepole, "Lameki, ufunguo wa tangi unakaa na nani?"

"Kwangu. Oili niliiongeza mimi, nikidhani itatuliza kikohozi chake," Lameki alisema, akauweka ufunguo juu ya meza ya fundi, akavuta kofia yake usoni, akawapita watu mlangoni na kutoka.