Taa ya Nne Kanisani Kanyakine

Swichi zilikuwa tatu, lakini taa zilizowaka zilikuwa nne.

Purity ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa amechuchumaa mbele ya mashine ya sauti, chini ya madhabahu. Mashine hiyo nyeusi ilikuwa na matundu manane ya kupokea waya za swichi, na juu ya kila tundu palikuwa na taa ndogo ya kijani. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Swichi moja ya mhubiri, moja ya kwaya, moja ya mzee wa matangazo. Mtu akibonyeza, waya mbili zinagusana, mashine inaelewa, maikrofoni yake inafunguka. Akiachilia, inajifunga.

"Baba, hii ya nne si hatujaunga kitu?"

Njuki alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mkubwa wa Manyatta, mwenye sauti ambayo watu wa Embu walikuwa wakiifuata kwenye harusi na mazishi, wengine wakimwomba aimbe hata kabla hajafunga spika. Purity alipoachia shule kidato cha pili, yeye ndiye aliyemfundisha kazi.

"Tundu tupu huokota umeme wa hewani," akasema. "Hata wewe ukikaa bila kazi huokota umbea."

Purity akacheka. Lakini asubuhi ile, kabla ya nondo kupigwa ardhini, tundu hilo halikuwa limeokota chochote.

Spika zilikuwa zikinguruma, na Njuki akasema lazima waya wa chini wa mashine ushushwe ardhini kwa nondo ya shaba. Akamuuliza Mzee Kobia, mwenyekiti wa kanisa, nondo ipigwe wapi. Ua wa mbele ulikuwa mawe matupu. Nyuma palikuwa na shamba la mahindi, na mwisho wake kona moja ya vichaka ambayo jembe halijawahi kuigusa. Kobia aliitazama kona hiyo kwa muda. Pastor, aliyekuwa amesimama karibu naye, akauliza kama si hapo pangefaa.

"Pale," Kobia akasema mwishowe. "Pana unyevu."

Nondo ilizama kwa mapigo matatu tu ya nyundo, kana kwamba chini palikuwa wazi. Mngurumo ukakatika. Taa ya nne ikawaka.

Sasa Njuki, kwa mzaha wake, akashika maikrofoni. "Nani huko namba nne? Sema, tunakusikia!"

Akina mama waliokuwa wakipiga deki wakacheka. Kobia hakucheka. Spika zikatoa pumzi moja ndefu, na hewani pakaja harufu ya udongo mbichi na mafuta ya mbarika, yale mazito ambayo wazee wa zamani walikuwa wakijipaka. Njuki akakohoa. Kufikia jioni sauti yake ilikuwa imekwaruza. Kesho yake, Jumamosi, kule kwa Kobia walikolala, alifungua mdomo amsalimu binti yake na kukatoka upepo tu.

Alimwandikia kwenye kipande cha katoni: *Maliza wewe. Kesho ni ibada.*

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya kanisa. Purity aliwasha mashine, baba yake akiwa nyuma yake. Taa ya nne ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, polepole, kama kuna kidole mahali fulani kinachobonyeza na kusubiri ruhusa.

Halafu spika zikaita, "Gatakaa."

Ilikuwa sauti ya baba yake, ile ile iliyomwimbia alipokuwa mdogo, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa neno, na Purity aligeuka kwa furaha akidhani amepona, akamkuta Njuki amesimama hatua mbili kutoka kwake, midomo imefumbwa, machozi yanamtoka, huku sauti yake ikiendelea kuita kutoka kila pembe ya kanisa, Gatakaa, Gatakaa, kwa uchovu wa mtu ambaye ameita muda mrefu mno na bado anatumaini, na harufu ya yale mafuta ikazidi hadi ikawa kama mtu amepita akamgusa bega.

Akakimbia nje hadi kwenye ile kona, akachomoa waya kwenye nondo. Aliporudi, Njuki alikuwa chini, ameshika shingo, uso umekuwa mweusi, kifua kinapanda bila kupata hewa. Purity akarudi mbio, akaufunga waya tena. Ndipo baba yake akavuta pumzi.

Aliinua macho akamwona Kobia mlangoni, kofia mkononi.

"Hilo ni jina la mama yangu," Kobia akanong'ona.

"Mzee, kuna nini kwa ile kona?"

"Nkoma." Akalitamka neno hilo la mizimu kama anatema mbegu chungu. "Kila mtu wa boma letu anajua hapalimwi. Lakini pastor alikuwa amesimama hapo, mtoto wangu. Mimi mwenyekiti wa kanisa nitasema naogopa kitu cha chini?"

"Kwa hivyo ukaona heri aumie baba yangu."

Kobia akavaa kofia. Akaenda kumleta mama yake.

Gatakaa aliingia akishikwa mkono, mwembamba, miaka yake karibu tisini. Alisimama katikati ya viti akanusa.

"Mafuta ya mama," akasema.

Akawaeleza akiwa ameketi benchi la mbele, kwa sauti ndogo. Ulikuwa mwaka wa njaa kubwa, yeye akiwa na miaka kama sita. Siku hizo wengine walikuwa bado hawakubali mtu afie ndani ya nyumba. Mama yake alibebwa akiwa angali anapumua, akawekwa kule kwenye vichaka.

"Aliniita siku mbili. Nikazibwa mdomo. Nikaambiwa nikijibu, atanichukua."

Spika zikaita tena. Kwa kila wito, Njuki alizidi kunyauka.

"Cucu," Purity akasema, kama anavyomwita nyanya yake, "na ukijibu sasa?" Alitamani kulirudisha neno hilo mdomoni, lakini baba yake alikuwa mbele yake, midomo ya buluu.

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Purity akachukua swichi ya akiba. Waya mmoja kwenye tundu la nne, mwingine kwenye waya wa chini. Akaweka swichi na maikrofoni kwenye mikono ile mikavu. "Ukibonyeza, atakusikia. Lakini sijui itakuchukua nini, Cucu."

Gatakaa akacheka. "Nimebaki na nini cha kuchukuliwa?"

Akabonyeza. "Mama. Ndimi. Nilikusikia. Siku zote mbili nilikusikia."

Taa ya nne ikatulia, ikawaka bila kupepesa. Sauti kwenye spika ikapasuka, ikapanda, ikawa ya mwanamke aliyekuwa akilia, na Njuki akakohoa donge la udongo mweusi mkononi.

"Purity!" akaita, na vioo vikatetemeka. Ilikuwa sauti yake.

"Cucu, achilia sasa!"

Kidole hakikuachilia. Purity akang'oa waya, Njuki akazima umeme, Kobia akatoka mwenyewe na kuing'oa nondo. Kanisa likanyamaza kabisa. Harufu haikuondoka.

"Mama, twende nyumbani," Kobia akasema aliporudi.

Gatakaa alikuwa akizungumza. Midomo yake ilikwenda haraka, kwa raha, lakini hapakutoka hata mnong'ono. Alinyamaza, akainamisha sikio kuelekea sakafuni, akasikiliza, akatikisa kichwa, akacheka bila sauti kama mtoto, kisha akajibu tena. Kobia alipiga magoti akaweka sikio mdomoni pake. Hakusikia kitu.

Kazi ya spika ilikuwa imemzoesha Purity kusoma midomo ya baba yake kutoka mwisho wa ukumbi, na Kimeru hakiko mbali sana na Kiembu. Alitamani asingejua.

"Anasema nini?" Kobia akamuuliza. "Msichana, mama yangu anasema nini?"

"Anakuuliza wewe," Purity akasema. "Anauliza kama utambeba mpaka kule vichakani, ama atembee mwenyewe."