Kilichogonga Bamba

Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Fundi angefika shambani, angetupa sinia chini ya mashine mara moja, angehesabu punje, angerudi nyumbani kabla giza halijashika. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama mkwe wake alipokuwa akivaa buti mlangoni, saa kumi na moja jioni, akiwa ameshaudhika hata kabla ya kutoka.

"Unasaga meno tena," mama mkwe alisema. "Hilo gego uliloziba juzi litang'oka."

"Acha ling'oke, mama. Nimechoka."

Alikuwa amechoka kweli. Hii ilikuwa siku ya nne anahangaika na kihisi kimoja. Na kihisi chenyewe si kitu cha ajabu: ni bamba la chuma linalokaa nyuma ya chekeche la kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Makapi yakipita juu yake, kimya. Punje ya ngano ikiponyoka na kuligonga, tok, skrini inahesabu hasara. Punje zikizidi, taa nyekundu inawaka, dereva anajua anakimbia mno na anamwaga mavuno.

Shamba zima taa ilikuwa ya kijani. Mstari mmoja tu, ule wa kona ya mwisho kando ya mtaro, ndio uliokuwa ukiwaka nyekundu kila mashine ikipita. Fundi alibadilisha waya. Akabadilisha bamba. Akasafisha viungio vyote kwa mswaki. Akakitukana kihisi matusi ambayo mama mkwe hakutakiwa kuyasikia. Nyekundu ikabaki nyekundu.

Meneja naye alikuwa ameshachoka kusubiri. Alitaka ripoti fupi mezani kwake kesho yake asubuhi: kihisi kibovu, au dereva mbovu. Kimojawapo kiondoke.

Dereva mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, baba wa mapacha wasiojua hata kutambaa. Fundi akiandika kwamba kihisi ni kizima, unga wa shemeji umemwagika. Akiandika kwamba ni kibovu, kazi yake mwenyewe ya miaka miwili ya kuunda vihisi hivyo inakwenda jalalani na yeye anakuwa kichekesho. Ndiyo maana alikuwa akisaga meno.

Alimkuta shemeji amekaa kwenye ngazi ya kombaini, anatafuna bua la ngano. Shambani walimwita Pengo, kwa sababu hakuwa na jino la mbele. Ukimuuliza lilikwenda wapi, kila mtu alipewa hadithi yake: huyu ngumi, yule muwa, mwingine busu la mkewe.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunifukuza kazi?"

"Nimekuja kukuokoa, mjinga wewe. Washa. Tunapita mstari wa kona, polepole kabisa. Nataka nione punje zinaangukia wapi."

Tabasamu lilipotea usoni mwa Pengo.

"Kwingine kote nitakwenda unavyotaka," alisema. "Pale niachie."

"Niachie nini? Mwendo wako wote umeandikwa humu kwenye skrini, leo nimeusoma! Kila ukifika pale unakanyaga mafuta kama unafukuzwa. Unamwaga ngano makusudi!"

Pengo alitazama mtaro. Jua lilikuwa limebaki kipande.

"Shemeji, twende nyumbani."

"Una watoto wawili," Fundi alisema kwa hasira. "Nisaidie nikusaidie. Mara moja tu."

Pengo alipanda juu kama mtu aliyebebeshwa gunia. Kabla hajafunga mlango aliinama na kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Ukisikia unaulizwa, usijibu."

Fundi aliona ni upuuzi mtupu.

Mashine ilinguruma na kuanza kutambaa. Fundi alitembea kando yake, skrini ndogo mkononi. Kijani... kijani... kijani. Walipokaribia kona alirusha sinia katikati ya magurudumu, kama alivyofanya mara mia. Mashine ikipita juu, kila kinachoponyoka kinaangukia humo. Sinia halidanganyi.

Tok.

Tok... tok.

Nyekundu.

"Simama!" alipiga kelele, akakimbilia sinia akiwa amefurahi kidogo. Sasa atazishika punje kwa mkono wake.

Sinia lilikuwa tupu.

Halikuwa na punje hata moja, wala kapi, wala vumbi. Na ardhi iliyolizunguka ilikuwa safi, imefagiwa. Aligeuza macho nyuma, kwenye njia yote waliyopita. Kule makapi yalikuwa yametapakaa. Hapa, hatua kumi kwa kumi, palikuwa kama sebule inayosubiri mgeni.

Fundi alilipiga teke lile sinia.

"Zima injini!"

Kimya kikaingia. Panzi walikuwa wakilia kila upande, ila si hapo.

Tok.

Alitazama skrini. Namba iliongezeka kwa moja.

Tok... tok.

Injini imezimwa, chekeche limesimama, feni imesimama. Hakuna kitu cha kuanguka. Namba ikapanda tena. Mtu mwenye akili angeondoka, lakini Fundi alikuwa na siku nne za kushindwa kooni, na hasira ilikuwa imeshika usukani. Alijua ni mjusi. Panya. Boliti iliyolegea. Alichukua tochi, akalala kifudifudi na kujivuta ndani kupitia nyuma ya mashine, pale makapi yanapotokea.

Humo ndani mlinuka gunia bichi. Gunia lililolowa, likakauka, likalowa tena, miaka mingi.

Tok.

Alimulika bamba.

Kidole.

Kilikuwa chembamba, kimejaa vumbi la nafaka hadi kwenye mikunjo. Kilitokea upande wa giza na kugonga bamba taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wapo.

Tok... tok... tok.

"Yangu iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Haikuwa kali. Ilikuwa imechoka, na Fundi alishangaa baadaye kwamba kilichomtia hofu kuliko vyote ni jinsi ilivyofanana na sauti yake mwenyewe siku hizo nne.

Ukisikia unaulizwa, usijibu.

Lakini alikuwa ameshaulizwa mno wiki ile. Meneja anauliza, mume anauliza, skrini inauliza. Alibana meno na maneno yakapenya katikati yake.

"Hakuna! Hakuna kilichoanguka! Hata punje moja!"

Kidole kikasimama.

"Basi nitatafuta," sauti ilisema.

Baridi ilimwingia mdomoni. Haikuuma. Ilipita juu ya ulimi wake, ikagusa jino moja baada ya jingine, polepole, kama mama anavyochagua mawe kwenye mchele. Fundi alitaka kupiga kelele. Mdomo haukuwa wake.

Tok.

Pengo alimvuta nje kwa miguu, akamburuta hadi kwenye mabua. "Umejibu?" alikuwa akisema. "Shemeji, umejibu?"

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa akitazama sinia. Alikuwa amelipiga teke yeye mwenyewe likaenda mbali, na sasa lilikuwa limekaa sawasawa karibu na mguu wake. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja, kidogo, kigumu. Alikimulika. Kilikuwa na doa la fedha juu.

Alipeleka ulimi nyuma, upande wa kulia. Palikuwa na shimo laini, bila maumivu, bila tone la damu.

Shemeji aliyaona yote usoni mwake. Alifungua mdomo na kumwonyesha pengo lake.

"Msimu wangu wa kwanza," alinong'ona. "Nilitaka kujionyesha najua kuendesha. Sikumwaga kitu."

"Ni nani?"

"Sijui jina. Dereva aliyenifundisha aliniambia zamani kina mama walifuata nyuma kuokota zilizoanguka. Waliwalishia watoto wao. Ikaja mashine isiyomwaga sana, wakawa wanaisogelea karibu, karibu zaidi... Siku moja dereva akarudi nyuma bila kutazama, na mmoja wao alikuwa pale. Ndivyo nilivyoambiwa. Huyo aliyenifundisha akaniagiza: kona ile kanyaga mafuta, ziachie zianguke, usigeuke. Mimi sijamwona. Namsikia tu."

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi alitaka kumchapa makofi. "Siku nne! Siku nne nabadilisha nyaya!"

"Ungenicheka, shemeji. Wewe na vyombo vyako."

Jino halikumuuma; hilo lilimuuma, kwa sababu ni kweli angecheka. Na kilichomkera kupita vyote ni kwamba kihisi hakikuwa na kosa. Tangu siku ya kwanza kilikuwa kikisema ukweli.

Walipanda wote wawili. Pengo aliwasha, akaingia kwenye ngano iliyobaki kando ya mtaro na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Punje zilimwagika nyuma yao kwa sauti ya mvua. Skrini iliwaka nyekundu tupu. Hakuna aliyegeuka. Lakini injini ilipopungua mwishoni mwa mstari walisikia wazi, nyuma yao, ungo ukipepeta.

Saa mbili asubuhi iliyofuata Fundi alisimama mbele ya meza ya meneja na karatasi yake. Kihisi kibovu. Kosa ni la fundi. Dereva hana tatizo. Alikuwa ametia sahihi kwa uchungu, maana hakuwahi kuandika uongo kuhusu kazi yake.

"Nilijua," meneja alisema, akaitupa karatasi kwenye trei. "Dereva atabaki. Vihisi vyako ving'oe leo leo. Nimeshaagiza vingine, na vikifika nitaendesha mashine mwenyewe, watu waone."

"Sawa, bosi. Ila ile kona ya mtaroni..."

"Ndiyo nitakayoanza nayo. Polepole. Isianguke hata punje moja."

"Bosi, nakuomba. Ile iache. Mwaga kidogo, upite."

Meneja alimtazama, kisha akaangua kicheko. Alicheka kwa raha, kichwa nyuma, mdomo wazi. Alikuwa na meno mazuri, meupe, yamepangika yote bila pengo hata moja.

Fundi alijikuta anayahesabu.