Mikono ya Wangwe

"Wangwe, leo ukicheza, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Mikono gani tena, nyar Sindo? Si ilikuwa mezani."

"Ehe. Mezani."

Phelesia, binti wa Sindo, akakata simu. Kikombe cha ubingwa wa chess kilikuwa kwenye kochi, na yeye alikuwa akizunguka sebuleni kwao Sindo tangu arudi kutoka fainali ya Homa Bay. Msichana anayewatoa wanaume jasho kila mwaka, leo amemshinda mchumba wake na hana raha hata kidogo.

Wangwe wa Isebania alikuwa na tabia moja. Akicheza huikalia mikono yake yote miwili mpaka aamue atakachosogeza, maana ukigusa kete, sharti uisogeze. Fainalini, akiwa anaelekea kushinda, hakuikalia. Akagusa mfalme, akalazimika kumsogeza, ushindi ukamponyoka.

Ujumbe ukaingia: "Beb, mbona umenikatia?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Uliniachia."

Simu ikaita papo hapo.

"Sawa, nilikuachia. Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu kuongea mambo ya ndoa. Ningekupiga fainalini, ungewapokea na sura gani?"

"Kwani unaoa mimi ama kikombe?"

"Phele, nakupenda."

"Unanipenda kama mtoto wa nursery. Sasa sijui hata ni mara ngapi umeniachia. Kesho kuja na bodi yako. Usipokuja, wazee pia wasije."

Kesho yake Wangwe akafika, bodi kwapani. Mama yake Phelesia akaleta chai, akawatazama, akaona heri arudi jikoni.

"Cheza," Phelesia akasema.

Wangwe akaikalia mikono. Phelesia alipoona hivyo akafurahi, kisha akaogopa: leo haachiwi. Chai ikapoa. Malkia wake akaliwa. Akainuka, akaketi, akatafuta njia, akainuka tena. Njia haikuwepo. Akamlaza mfalme wake ubaoni.

"Umenipiga."

"Umekasirika?"

"Sana. Nitapigia refa nimwambie ukweli. Hicho kikombe utabeba."

"Na Jumamosi?" Wangwe aliuliza kwa sauti ndogo, mikono bado ameikalia.

Phelesia bado alikuwa na hasira, lakini ile hofu ya tangu jana, kwamba Wangwe anamwona mtoto, ilikuwa imemtoka.

"Waje. Sasa toa hiyo mikono unishike, halafu upange kete. Siwezi lala nikiwa nimepigwa."