Paneli Zilizochoma Macho Mnarani

"Shika pete yako!"

Binti alikuwa anahema. Ngazi zote zile za mnara wa kuongozea ndege kazipanda na hasira zake. Mchumba wake, muongoza ndege, ndo kwanza kamaliza zamu. Mwenzake aliyempokea akajifanya hasikii, macho kwenye njia ya kurukia.

"Mpenzi, meseji yangu uliisoma?"

"'Njoo uone kwa macho yako.' Nione nini? Jana umesimama mbele ya mabosi wangu ukaukataa mchoro wangu! Mnara mpya, wa umeme wa jua, usiozimika hata gridi ikikatika. Umeuua!"

"Nimesema paneli zihamishwe tu."

"Mbele za watu!"

Jamaa akavuta kiti kilichokuwa wazi.

"Kaa kidogo, halafu nenda na hasira zako."

Akakaa, kanuna. Jua la alasiri lilikuwa linapiga paneli za majaribio alizozifunga mwenyewe juu ya ghala. Mng'ao ukamchoma macho.

"Kuna ndege inashuka. Iko wapi?"

"Ngoja... mbona sioni?"

"Imeshatua."

Binti akageuka haraka kuitazama. Ndege nzima na watu wake!

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipozifunga. Kila nikitaka kukwambia, nakukuta jikoni kwenu unaimba, unamwonyesha mama yako picha ya mnara. Nikashindwa."

"Ukaona bora mkutanoni? Si ungenivunja moyo palepale jikoni! Ningelia, ningemaliza, ningechora upya."

"Niliogopa kukukosa."

"Na ukanikosa kweli."

Mwenzake akamwelekeza rubani kwenye redio. Rubani akarudia maelekezo yote. Jamaa aliwahi kumweleza binti: rubani asiporudia, hujui kama kasikia.

Binti akafuta machozi, akachungulia maegesho ya magari, upande wa pili wa mnara, mbali na njia ya kurukia.

"Paneli zitakaa kule. Na magari yapate kivuli."

"Nilijua tu utapata pa kuziweka."

"Acha kunijaza upepo! Sikiliza. Jambo langu naambiwa mimi kwanza. Nyumbani. Hata kama naimba. Rudia."

Jamaa akarudia neno kwa neno.

"Jambo lako unaambiwa wewe kwanza. Nyumbani. Hata kama unaimba."

Binti akanyoosha kidole.

"Haya, nivishe."

"Shemeji, hongera," mwenzake akadakia bila kugeuka. "Sasa mshuke, kuna ndege nyingine inakuja."