Mlango Uliodai Umefunguka

Jirani zangu, haya ninayowasimulia hayakuwapata watu wabaya. Yaliipata nyumba yenye adabu zake, ghorofa ya nne, kwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mhandisi. Mngewaona asubuhi ile mngewaonea wivu. Mkewe alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Mama yake mzazi amekaa sebuleni anamsuka mjukuu wake, mtoto analalamika kwamba bibi anavuta sana, bibi anamwambia urembo una maumivu yake. Mhandisi akamaliza chai amesimama, akampapasa binti yake kichwani, upande ambao haujasukwa, akatoka. Nyuma yake kitasa kikalia, mlango ukajifunga wenyewe.

Kitasa kile kilikuwa kazi ya kampuni yao. Hakikuwa na ufunguo wala tundu la ufunguo. Ulikigusa kwa kidole au ulikiamuru kwa simu, kikatii. Jengo zima lilikuwa navyo, na sifa zote zilimwendea Mhandisi, kwa sababu programu inayoviendesha iliandikwa chini ya usimamizi wake.

Zamani kampuni ilikuwa na chumba cha majaribio. Humo kulikuwa na milango halisi iliyosimamishwa bila nyumba, na wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kuitesa. Waliigusa kwa vidole vyenye mafuta, waliikatia umeme, waliipulizia moshi mpaka macho yakawawasha. Walikuwa watu wa maswali, na maswali yao yalichelewesha mambo. Mkurugenzi alipotaka kazi iende mbio, ni Mhandisi aliyetoa wazo: majaribio yapewe kampuni ya nje, iliyo mbali, yenye wataalamu wengi. Chumba kikafungwa. Milango ile ikatupwa nyuma ya stoo.

Siwaambii kwamba kampuni ile ilikuwa ya matapeli. Ilikuwa na vijana hodari tu. Ila hawakuwa na mlango hata mmoja. Walikuwa na skrini.

Siku moja msichana wa kampuni hiyo alimpigia Mhandisi simu.

"Samahani, mzee. Nauliza kuhusu programu mpya. Moshi ukiingia huku umeme umekatika, programu inatuma amri ya kufungua, halafu inaandika kwamba mlango umefunguka. Sasa sisi hatujui kama mlango wenyewe umesikia."

"Skrini inasemaje?"

"Inasema umefunguka."

"Basi si umefunguka, dada? Pitisha."

"Tungepata kitasa kimoja tu tukajaribu..."

"Nitaliangalia. Kwa sasa pitisha, watu wananisubiri kwenye kikao."

Hakuliangalia. Alipokata simu, swali nalo likakatika kichwani mwake. Na yule msichana, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza alichoambiwa, akapitisha. Ripoti ikaja imejaa alama za kijani, Mhandisi akapigiwa makofi, programu mpya ikaingia kwenye vitasa vyote, pamoja na cha nyumbani kwake.

Turudi kwenye asubuhi ile. Hajafika mbali, simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, umeme umekatika na nasikia harufu ya kuungua. Moshi unapita chini ya mlango."

"Tokeni, mama. Mchukue mtoto mtoke sasa hivi."

"Mlango umekataa."

Mhandisi akaangalia simu yake. Kwenye kioo, kwa maandishi ya kijani aliyoyachagua mwenyewe, paliandikwa: *Mlango umefunguliwa.*

"Mama, simu inasema uko wazi. Vuta kwa nguvu."

"Nimevuta mpaka mkono unauma. Hebu njoo uuvute wewe huo wa kwenye simu." Kisha kikohozi, na nyuma ya kikohozi sauti ya mtoto akilia.

Ndipo sauti ya yule msichana ilipomrudia, neno kwa neno. Alikimbia huku akiibonyeza simu, na kila alipobonyeza ilimjibu kwa heshima kwamba mlango umefunguliwa.

Moshi ulitoka kwenye chumba cha mitambo ya umeme, ukapanda ngazini kama umeitwa. Wakazi wengi walikuwa wameshakwenda kazini; waliokuwa nje walisimama wakitazama juu. Fundi wa kuchomelea mageti, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshashika mtaimbo; Mhandisi alipofika wakapanda pamoja wamefunika pua kwa mashati. Ghorofa ya nne ilikuwa giza, na kwenye giza lile palikuwa na milango miwili inayogongwa kutoka ndani.

Mmoja ulikuwa wa mama yake. Mwingine wa jirani yao, mshonaji mzee aliyeishi peke yake.

"Tuanze wapi?" fundi akauliza.

Mhandisi aliweka mkono kwenye mlango wake.

Chuma kilikuwa kigumu, kwa sababu Mhandisi alikuwa amejisifu kwamba hakuna mwizi angekivunja. Fundi alisukuma, akapumzika kukohoa, akasukuma tena. Ndani mtoto alikuwa ameacha kulia, na ukimya huo ulimtisha baba yake kuliko kilio. Mlango wa pili uliendelea kugongwa. Kisha ukagongwa taratibu. Kisha ukanyamaza.

Kitasa kilipong'oka, walimkuta bibi amelala kifudifudi sakafuni, mtoto chini yake, kitambaa kibichi kimemfunika uso. Wote walikuwa hai. Zimamoto walifika wakauvunja mlango wa mshonaji, lakini yeye walimtoa amefunikwa shuka.

Baadaye kilijulikana kilichotokea. Umeme ukikatika, kitasa huegemea betri yake na huchelewa kuamka. Programu mpya ilituma amri mara moja tu, ikapita kitasa kikiwa bado kimelala, halafu ikajiandikia kwamba kazi imekwisha, na tangu hapo haikupeleka amri nyingine, iwe ya kidole au ya simu. Wale wa chumba kilichofungwa wangeligundua hilo kabla ya chai ya saa nne. Mkurugenzi akailaumu kampuni ya nje. Kampuni ya nje ikajibu kwamba iliuliza.

Hospitalini, mkewe alimkuta ameketi kando ya kitanda cha mama yake, ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi.

"Ni kweli walikuuliza?" mkewe akasema.

"Waliniuliza."

"Ukawajibu nini?"

"Nilikuwa na kikao."

Mkewe hakumgombeza. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akamgeuzia uso mtoto aliyelala, na mpaka leo, hata wanapokula meza moja, kuna jambo kati yao ambalo hakuna anayeligusa. Watoto wa mshonaji walipokuja kuchukua vitu vya baba yao, Mhandisi alijificha bafuni mpaka wakaondoka. Mtoto naye hakubali kubaki kwenye chumba kilichofungwa. Ukiusukuma mlango kidogo tu kuufunga, anaanza kukohoa, ingawa hakuna moshi.

FUNZO

Wenzangu, kumpa mtu wa nje kazi si dhambi. Hakuna anayeweza kufanya kila kitu peke yake. Lakini unaweza kukodi mikono na macho, huwezi kukodi dhamana. Chochote ulichokitengeneza, kikienda kulinda uhai wa watu, ni chako mpaka mwisho, hata kama kimejaribiwa na mtu usiyemjua sura. Mpe anayekupimia kitu chenyewe akishike, si picha yake. Na akikupigia simu kukuuliza swali, kiache kikao kisubiri. Huenda nyuma ya swali lile yupo mtu anayegonga mlango.