Dawa Iliyoganda

Kwi! Mlango wa friji ulilia kabla hakujapambazuka. Ilikuwa friji ya Dolphine, Mkenya anayeuza soda karibu na nyumba za polisi, Port Bell. Jirani yake Akidi, mjamzito, alikuwa amefuata insulini yake.

"Chukua, mke wa afande," Dolphine alisema huku akipiga miayo. "Naitunza kuliko soda zangu."

Akidi alikisugua kichupa viganjani mpaka barafu ikayeyuka. Kisha akajidunga kama alivyofundishwa. Sukari yake ilipanda wakati wa mimba. Kujipimia chakula hakukutosha kuishusha, ndipo daktari akampa insulini.

Lakini sukari haikushuka, hata walipomwongezea kipimo cha dawa. Siku hiyo kliniki, mhudumu alimsema mbele ya watu: "Wewe unakula keki kwa siri! Unataka kumuua mtoto?" Foleni nzima ikacheka.

Nyumbani, mumewe Ocen alimtonesha kidonda. "Sema tu ukweli. Ni soda za Dolphine?"

"Ocen!" Mama Abwola, mama mkwe wake, aliubwaga mwiko. "Mimi ndiye ninayepika. Mwanangu huyu anakula mboga za dodo na ugali wa posho kidogo, wewe unamaliza chapati mbele yake. Leo mnamwita mwongo? Hapana! Mtu aje aone kwa macho."

Akampigia simu Santina, mkunga anayetembelea wajawazito mtaani. Santina alifika jioni. Hakuuliza Akidi amekula nini.

"Nionyesheni dawa inapolala," alisema.

Dolphine alifungua friji kwa majivuno. Akachomoa kichupa katikati ya barafu. "Umeme unakatika kila mara. Nikaiweka penye baridi zaidi isiharibike."

"Banange, jamani!" Santina alishtuka. "Insulini ikiganda, imekufa. Hata ikiyeyuka, haifanyi kazi vizuri tena."

Dolphine alijifunika uso kwa khanga, akalia. Akidi naye alichemka.

"Kumbe! Nimetukanwa, nimechekwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaitunza wapi!"

"Una haki ya kukasirika," Santina alisema. "Kliniki nitawaambia hivyo hivyo. Sasa sikilizeni. Chupa mpya ikae kwenye rafu ya friji, mbali na barafu. Ikishafunguliwa, ikae nyumbani mahali pa baridi, mbali na jua na jiko, isizidi wiki nne. Kukiwa na joto, itie kwenye mfuko mkavu, ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji."

"Na mtoto?" Akidi aliuliza.

"Sukari yako nyingi inamfikia, anakua kupita kiasi. Insulini haimdhuru. Ila usijidunge dawa mpya kwa kipimo kile kikubwa. Sukari itashuka ghafla, uanguke. Twende kwa daktari sasa hivi akupangie upya."

Walikwenda. Ocen ndiye aliyebeba mfuko wa dawa.

Sukari ilishuka. Akidi alijifungulia hospitali, msichana wa uzito mzuri. Alimnyonyesha mapema, na wauguzi wakampima mtoto sukari, kwa kuwa watoto wa mama kama yeye huweza kupungukiwa sukari baada ya kuzaliwa. Alikuwa salama. Akidi naye aliambiwa arudi kupimwa baada ya wiki sita.

Akidi aliporudi nyumbani, Dolphine alichelewa kuja kwa aibu, akaleta uji wa wimbi usio na sukari. Aliuweka mlangoni, akageuka aende zake.

"Dolphine!" Akidi aliita. "Waliponicheka wote, wewe uliamka kunifungulia kila alfajiri. Ingia umshike mtoto. Na kesho uje tena, dada."