Kinu Kilichopinduliwa

Lucienne alipotoka shule mchana, jambo la kwanza lilikuwa kuvua viatu mlangoni. Hakuvivua kwa ajili ya vumbi jekundu la Bunia, ingawa lilikuwepo la kutosha. Alivivua ili asimwamshe mama yake.

Mama yake, Anastasie, alikuwa muuguzi katika wodi ya wazazi, na mwezi ule alipangiwa zamu ya usiku. Asubuhi alirudi, akapitia sokoni, akafua, akapika, ndipo akajilaza. Baba alikuwa Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, na kuja kwake nyumbani kulikuwa kwa nadra. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mmoja amelala na mwingine ananyata.

Bahati nzuri, ua wao ulikuwa na watu. Hapo palikuwa na kinu kikubwa cha mti mgumu ambacho baba alikileta kutoka kwao Mahagi, na mtaani hakukuwa na kingine cha kukifikia. Kila alasiri jirani yao, Mama Vital, alifika na beseni la sombe, yale majani ya muhogo, na akina mama wengine wakamfuata. Walitwanga wawili wawili, mchi huu ukipanda, ule ukishuka, huku wakichambua habari za soko na za waume. Berthe, binti wa Mama Vital aliyesoma darasa moja na Lucienne, alicheza naye nzango, mchezo wa kupiga makofi na kurusha miguu, mpaka jua likapungua. Giza lilipokaribia, Berthe alichukua mkeka wake akaja kulala na Lucienne, maana mama alikuwa kazini.

Asubuhi moja mama alirudi, akaketi mbele ya chai, akasinzia na kikombe mkononi. Chai ikamwagikia kitenge chake.

"Mama, uko mugonjwa?" Lucienne aliuliza.

"Hapana, ni usingizi tu," mama alisema akijipangusa. "Chef, mukubwa wa wodi, amenikuta nimesinzia kwa kiti. Anasema akinikuta tena, atanifukuza kazi. Na si kazi peke yake, mutoto wangu. Kama mwanamuke iko nazaa na miye nasinzia, nani atamushika mutoto?"

Maneno hayo yalimkaa Lucienne rohoni. Mwalimu alifundisha ubaoni, yeye mawazoni akamwona mama yake akisinzia kitini. Aliporudi nyumbani mchana ule, michi ilikuwa imekwisha kuanza, na vicheko vya Mama Vital vilivuka ua mpaka barabarani. Hapo akapata wazo. Kama mawazo mengi yanayokuja kwa haraka, lilionekana zuri sana.

Akawaendea. "Mama Vital, mama anasema musitwange tena hapa. Anasema muko munamuletea kelele."

Mama yake hakuwa amesema neno lolote. Alikuwa ndani, amelala fofofo.

Michi ilisimama. Mama Vital aliangalia mlango wa nyumba, kisha akamwangalia Lucienne.

"Ni mama yako anasema vile?"

"Ndiyo."

"Basi, sawa. Umuambie tumesikia."

Akakusanya majani yake, hata yale yaliyotwangwa nusu. Berthe alibaki nyuma kidogo, akauliza, "Na nzango?"

"Nzango pia ni kelele," Lucienne akajibu. Uongo ukishaanza huwa hauoni haya kuongeza mwingine.

Walipoondoka, alikipindua kinu, mdomo chini, ili mtu asije akakitamani. Ua ukawa kimya. Siku hiyo ya kwanza alikionea fahari kimya chake, akajiona mlinzi hodari kabisa.

Lakini jioni Berthe hakuja na mkeka. Kesho yake hakuja pia, na darasani alihamia dawati la wasichana wengine. Lucienne alilala peke yake, blanketi mpaka juu ya kichwa, akihesabu kila mbwa aliyebweka kuwa ni mwizi. Alasiri alikalia kinu kilichopinduliwa, bila mwenzake ila kuku mmoja, na hata kuku mwenyewe hakukaa sana. Kutoka uani kwa Mama Vital alisikia kwa mbali michi ikipiga kinu kibovu, na vicheko juu yake. Alitamani sana kuwa huko. Siku moja alilia, akajifuta haraka kwa kola ya sare yake, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

"Hata hivyo, mama analala," alijifariji.

Akachungulia chumbani. Mama alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama mabati.

"Mama, haulale?"

"Sipate usingizi." Mama akainuka, akaketi ukingoni mwa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku hizi zote sipate. Hii kimya inaniletea mawazo mingi. Lucienne, bamama ya hapa nimebakosea nini? Nabasalimia, bananijibu, lakini banatazama pembeni. Hata kinu bamekiacha."

Lucienne alikazia macho sakafu.

"Miye najua," mama akaendelea, sauti ikishuka. "Ni juu ya mutoto wa dada yake Mama Vital, ule aliyekufa mikononi mwangu. Banafikiri ni miye nilimuua. Na usiku kule kazini, miye pia nimeanza kujiuliza."

Mtaa wote ulijua kwamba mtoto yule alizaliwa amekwisha kuchoka, na kamba ya kitovu imemzunguka shingo. Mama Vital mwenyewe alilia begani kwa mama yake siku ile, akamshukuru kwa alivyohangaika. Hakuna aliyemlaumu. Sasa mama yake alikuwa amejibebesha kifo cha mtoto, na ni yeye Lucienne aliyemtwisha.

Angeweza kunyamaza. Mama angebaki hajui, na majirani wangebaki hawajui. Lakini leo usiku mama angekwenda kazini hajalala, na anajiogopa.

"Ni miye, mama," alisema, na machozi yakamtangulia. "Nilibaambia umekataza kelele. Nilisema umenituma. Nilitaka ulale."

Mama alimtazama. Hakumpiga, na Lucienne angependelea kofi kuliko yale macho.

"Ni weye uliharibu, ni weye utatengeneza," mama alisema. "Enda kwao. Miye nabaki hapa."

Kwa Mama Vital hapakuwa mbali, ila siku hiyo alikwenda polepole. Akina mama walikuwa wamekizunguka kinu kidogo chenye ufa. Walipomwona wakaacha kuongea, naye Berthe akageuza uso.

"Mama Vital," Lucienne alisema, akishika ncha za sketi yake, "mama hakunituma ile siku. Nilidanganya. Alikuwa analala, hakusema kitu. Na sasa halale tena. Anafikiri munamukasirikia juu ya ule mutoto aliyekufa."

Mama Vital alishika kinywa. "Mama Lucienne anafikiri vile? Juu yetu siye?" Akauweka mchi chini polepole. "Mutoto weye, unajua umetufanyia nini? Siye tuliona anajivuna, eti juu ya kazi yake ya munganga wa hospitali. Siku zote hizi namujibu kwa mudomo nusu."

"Munisamehe."

Mama Vital akakitazama kile kinu chenye ufa, na uso ukaanza kumlegea. "Na siku zote hizi tunatafuna sombe haijapondeka, sawa mbuzi. Haya, beba beseni."

Walipofika uani kwao Lucienne, Mama Vital aliingia chumbani kwa Anastasie peke yake, akafunga mlango. Lucienne, nje, alimsikia mama yake akilia, kisha wote wawili wakicheka. Mama Vital alipotoka, alikisimamisha kinu, akakipangusa ndani kwa maji, akampa Lucienne mchi.

"Leo unatwanga weye."

"Tupige polepole, Mama Vital?"

"Piga sawa mutu aliyekula."

Alipiga mpaka mabega yakawaka moto. Alipopata nafasi alikwenda kuchungulia chumbani. Kelele ilikuwa ileile ya zamani, tena imezidi, na mama yake alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda.

Jioni mama aliamka, akavaa blauzi yake nyeupe, akamwita binti yake karibu.

"Miye nilikulia mugongoni kwa mama yangu, naye akitwanga," alisema. "Nikisikia muchi, najua batu bako karibu, hakuna kibaya kinakuya. Ni pale mwili unalegea. Katika hii Bunia yote, pumziko yangu iko hapo, kwa kelele ya bale bamama. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Najua, na mapendo yako nimeiona. Lakini ukitaka kumusaidia mutu, umuulize kwanza kitu gani kinamusaidia. Na usiazime tena kinywa changu kusema maneno ambayo sikusema. Umeona uongo mumoja umetutenga na batu bangapi."

Alimshika kichwa, akachukua mkoba, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyelala vizuri. Lucienne alibaki mlangoni akiutazama mgongo wake mpaka ukapotea. Akabaki peke yake, na ile hofu ya kila jioni ikaanza kupanda.

Lango likalia. Berthe aliingia na mkeka kwapani, hakusalimia, akapita moja kwa moja hadi chumbani.

"Leo miye nalala upande wa ukuta," alisema.

Upande wa ukuta ulikuwa wa Lucienne tangu zamani, na alikuwa hajawahi kumpa mtu. Akahamisha blanketi lake bila kubisha.